Lundo la Mchanga Mwisho wa Mteremko

Mtaani kwao walimwita Mama Upindo, na jina hilo alilipata kwa haki. Hakuna fundi cherehani aliyeacha upindo mkubwa kama yeye. Ukimpelekea kitambaa cha sketi ya mtoto, alikurudishia sketi ambayo upindo wake peke yake ungetosha kutoa sketi nyingine. Suruali alizikunja miguu mara mbili. Makoti ya shule aliyashona mikono mirefu, kisha akaikunja na kuishikiza kwa nyuzi chache tu, ili mwakani mzazi aifungue mwenyewe.

"Mtoto atakua," alisema kila mara, huku miguu yake ikikanyaga cherehani. "Mnataka nishone ya leo? Ya leo kesho itambana."

Wazazi walimpenda sana kwa hilo. Watoto wenyewe hakuna aliyewauliza, wala nao hawakutegemea kuulizwa.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa hayo hayo. Binti yake alivaa viatu vilivyojazwa vitambaa kwenye ncha. Begi lake la shule lilimgonga magotini. Binti huyo walimwita Chiriku, kwa sababu alianza kuongea kabla hajafungua macho asubuhi, na aliacha pale tu usingizi ulipomkatiza katikati ya neno. Alikuwa na miaka tisa, mwembamba, mwenye vidole vifupi.

Shule ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu. Kwa miguu ilikuwa mbali kidogo, lakini watoto wengi wa mtaa walikwenda kwa baiskeli. Chiriku naye akaomba baiskeli. Akaomba asubuhi, akaomba jioni, akaomba mdomo ukiwa umejaa chakula. Mwishowe mama yake alimshika mkono wakaenda kwa Spoki.

Spoki alikuwa fundi baiskeli wa pale mtaani, mwanamke mrefu mwenye vidole vyeusi kwa grisi. Kibanda chake kilitazamana na kibaraza ambacho Mama Upindo alishonea nguo.

"Nataka ile," alisema Mama Upindo, akionyesha baiskeli kubwa ya kijani iliyokuwa imeegemezwa ukutani.

"Jirani, ile ni ya mtu mzima," alisema Spoki. "Mtoto mchukulie hii ndogo."

"Hii ndogo ataiacha mwakani. Mtoto atakua."

"Miguu yake haifiki kwenye pedali."

"Wewe si ndiye fundi? Fanya ifike."

Spoki alijikuna kichwa. Siku hiyo kazi zilikuwa zimemlemea, na hakupenda kubishana na mteja mlangoni. Akachukua vibao viwili vya mti, akavifunga kwenye pedali kwa waya. Miguu ya Chiriku ikafika.

Baba yake, ambaye alikuwa mwoka mikate, alimfundisha uwanjani huku ameshika kiti kwa nyuma. Baada ya muda akaachia. Chiriku akaenda zake, nywele zikipepea, anacheka peke yake. Tangu hapo alikwenda shule mwenyewe kila asubuhi. Watu walipomuuliza Mama Upindo kama mtoto anajua kuendesha, alijibu kwamba anaendesha kama aliyezaliwa na baiskeli. Hakuna aliyeuliza kama anajua kusimama.

Asubuhi moja Mama Upindo alitangulia kutoka nyumbani. Alikuwa na makoti mawili ya kumpelekea mteja aliyekaa karibu na barabara kuu. Mawingu yalikuwa mazito na kulikuwa bado na gizagiza. Alipomaliza kukabidhi makoti, akarudi mpaka mwisho wa mteremko, pale njia ya mtaani inapokutana na barabara. Kulikuwa na nyumba inayojengwa pale, na mwashi alikuwa amepanda kwenye jukwaa anapiga plasta.

Mara akasikia sauti anayoijua. Chiriku alikuwa anateremka akiimba.

Mama Upindo alisimama amwangalie. Moyo wake ulijaa fahari. Alitaka hata kumwambia mwashi, "Tazama, huyo ni wangu." Baiskeli ya kijani ilikuja mbio, na mtoto alikuwa mdogo juu yake, amejinyoosha kama anayechungulia dirishani.

Kisha akaona uso wa mtoto ukibadilika.

Chiriku alikuwa haitazami barabara. Alikuwa anatazama kando ya njia, mbele ya nyumba inayojengwa, mahali pasipokuwa na kitu. Wimbo ulikatika. Hakumwita mama yake, wala hakuomba msaada. Alipaza sauti moja tu.

"Mchanga uko wapi?"

Akampita mama yake kama upepo. Mama Upindo alinyoosha mkono, ukashika hewa. Aliona mikono ya koti la shule, aliyoishona yeye mwenyewe, imefumuka nyuzi na kufunika vidole vyote vya mtoto. Kisha baiskeli ikaingia barabarani.

Honi ya lori ililia. Magurudumu yakakwaruza lami, vumbi likapanda, na Mama Upindo hakuona tena kitu. Alitaka kukimbia na hakuweza hata kuinua unyayo. Alijisikia akisema, "Hapana, hapana, hapana," kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeongea usingizini.

Vumbi lilipotulia, lori lilikuwa limesimama kimshazari. Ng'ambo ya barabara, kwenye mtaro, gurudumu la baiskeli lilikuwa bado linazunguka. Kando yake Chiriku alikuwa amekaa, goti linavuja damu, macho yamemtoka.

Alikuwa mzima. Hata leo Mama Upindo akisimulia habari hii, neno hilo hulirudia mara mbili.

Dereva wa lori alishuka. Watu waliojaa pale walidhani atatukana, maana madereva wengi wangetukana. Lakini alikaa kwenye ngazi ya lori lake na kushika kichwa.

"Sikumwona, mama," alisema. "Naapa sikumwona. Koti lenyewe la giza, asubuhi yenyewe ya giza. Nimeona kitu kimepita tu mbele yangu. Na nimebeba saruji. Lori likiwa na mzigo halisimami pale pale unapotaka. Limesimama mbele zaidi, nyie wenyewe mmeona. Angechelewa kidogo tu..."

Hakumaliza. Mama Upindo alimhurumia.

Mwashi alikuwa ameshuka kwenye jukwaa, mwiko bado mkononi.

"Huyu si ndiye anayetuvurugia mchanga?" aliuliza.

"Mchanga gani?" alisema Mama Upindo.

"Lundo la mchanga lilikuwa hapa. Kila asubuhi mtoto huyu huja mbio na kujitumbukiza humo na baiskeli yake. Anajipangusa, anavuka, anaenda zake. Sisi tulidhani ni mchezo. Jana tumeumalizia wote kwenye plasta."

Mama Upindo aligeuka kumtazama binti yake, ambaye sasa alikuwa amebebwa na mama mmoja mpita njia aliyemvusha kutoka mtaroni. Alipigwa na butwaa kiasi kwamba hata hasira haikuja.

"Ni kweli, Chiriku?"

"Ndiyo, mama. Ndivyo ninavyosimama."

"Na breki?"

"Sizifikii. Vidole vyangu vinaishia hapa." Akanyoosha mkono. Vidole havikuonekana, vilikuwa ndani ya mkono wa koti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia," alisema Chiriku. "Ukasema nitakua."

Habari zilifika kwa baba kabla mama na mtoto hawajafika nyumbani. Alikuja na unga bado kwenye nyusi. Alimshika Chiriku mabegani, akamgeuza mbele na nyuma kama anayetafuta palipopungua. Kisha akaichukua baiskeli.

"Inauzwa leo," alisema. "Na sitaki kusikia habari ya baiskeli ndani ya nyumba hii tena. Kuanzia kesho atapelekwa kwa mkono mpaka amalize shule. Nikishindwa mimi, utampeleka wewe, mama Chiriku. Tukishindwa wote, hataenda."

"Baba Chiriku, shule asiende?"

"Bora mjinga aliye hai."

Mama Upindo alikaa kwenye cherehani akashindwa hata kutunga uzi sindanoni. Kilichomtisha zaidi ni kwamba Chiriku alikuwa amenyamaza. Alikula kimya, akaoga kimya, akalala kimya. Nyumba ile haikuwahi kuwa na kimya namna hiyo.

Asubuhi iliyofuata Mama Upindo alimpeleka binti yake kwa miguu. Walifika pale mwisho wa mteremko, akamshika mkono kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Walisimama wakingoja magari yapite. Wakati huo watoto wengine wa shule walikuwa wanafika, wengine kwa miguu, wengine kwa baiskeli.

Hapo ndipo Mama Upindo alipotazama vizuri.

Makoti yote yalikuwa yake. Alizijua nyuzi zake kama mtu anavyojua mwandiko wake. Mikono mirefu, imefumuka, inaning'inia. Sketi zinazofika vifundoni. Suruali zilizokunjwa mara mbili, mguu mmoja umeshuka. Na zote za rangi ya buluu iliyokolea, kiasi kwamba mtoto akisimama kwenye kivuli cha ukuta humwoni mpaka acheke.

"Nyie watoto," aliita. "Hebu njooni. Mkifika hapa na baiskeli zenu, mnasimamaje?"

Watoto walitazamana. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuwauliza, nao wakafurahi kuulizwa.

"Mimi naburuza viatu," alisema wa kwanza, akainua mguu. Soli ilikuwa imelika mpaka kidole gumba kinachungulia.

"Mimi nagonga ule ukuta polepole," alisema wa pili.

"Mimi naruka, halafu baiskeli inaanguka yenyewe," alisema wa tatu. "Siumii sana."

"Mimi nabebwa nyuma na dada," alisema mdogo kuliko wote. "Dada akisema 'shuka', nashuka. Tukiwa bado tunaenda."

Wa mwisho alikuwa mvulana mnene mwenye meno mapana. Alionyesha mguu wa suruali yake, uliokuwa umechanika na kujaa grisi.

"Huu ukinasa kwenye mnyororo," alisema kwa furaha, "baiskeli inasimama papo hapo."

Mama Upindo alitaka kukaa chini, ila hapakuwa na pa kukalia. Siku zote alidhani hatari ya njia ile ni malori. Kumbe nyingine ilikuwa inatoka kwenye mikono yake, imepigwa pasi na kukunjwa vizuri.

Alimfikisha Chiriku shuleni, kisha akaenda moja kwa moja kwa Spoki. Njiani alikuwa amepanga maneno makali. Wewe ndiye uliyefunga vibao. Wewe ndiye fundi. Lakini alipofika alimkuta Spoki ameinama juu ya meza, na mbele yake kulikuwa na vile vibao viwili vya mti na waya uliokatwa. Baiskeli ya kijani, iliyoletwa na baba Chiriku ili iuzwe, ilikuwa imelazwa chini.

"Nimevifungua," alisema Spoki bila kuinua uso. "Nilijua, jirani. Nilijua kabisa kwamba baiskeli si ya mtoto yule, nikafunga. Mtu akiniambia leo mimi ni fundi, naona aibu."

Maneno makali yote yalimwishia Mama Upindo mdomoni. Alivuta kigoda akakaa.

"Mimi nilikulazimisha," alisema.

"Hukunishika mkono."

Mama Upindo alivisogeza kando vile vibao viwili. Kisha akasema, "Basi nifundishe. Nifundishe kama mtoto. Nitajuaje kwamba baiskeli inamfaa mtoto?"

Spoki alifuta mikono. "Ni kama wewe unavyopima nguo," alisema. "Kwanza asimame, baiskeli iwe katikati ya miguu yake. Nyayo zote mbili zikae chini bila kujinyoosha. Halafu akae kwenye kiti. Ncha za viatu ziguse chini. Akishindwa, hiyo si yake."

"Na mikono?"

"Ashike usukani, kisha akunje vidole. Vifike kwenye breki bila kuachia usukani. Abonyeze, gurudumu ligome kabisa. Lisipogoma, niletee. Kila asubuhi kabla ya kutoka ajaribu breki, abonyeze matairi kwa dole gumba, apige kengele. Ni kazi ndogo, hata kikombe cha chai hakiishi."

"Na yule anayembeba mdogo wake nyuma?"

"Mdogo atembee na wakubwa. Kwenye baiskeli ya mtoto anakaa mtoto mmoja."

Mama Upindo aliwaza. "Lakini hizo baiskeli ndogo tutazitoa wapi? Wazazi watasema kama mimi. Watasema mtoto ataiacha mwakani."

Spoki alicheka kidogo, mara ya kwanza siku ile. "Ataiacha, ndiyo. Na mwingine ataichukua. Unajua nyuma ya nyumba za mtaa huu kuna baiskeli ndogo ngapi zinazoota kutu? Watu wazilete. Nitazitengeneza. Mtoto akikua, analeta yake anachukua inayomtosha, na yake anapewa mwingine. Mimi nabadilisha vipuri tu."

"Na ile ya kijani?"

"Panda wewe," alisema Spoki. "Inakutosha sawasawa."

Mama Upindo alidhani ni mzaha. Baadaye aligundua kwamba haukuwa mzaha.

Siku zilizofuata, cherehani yake ilikuwa na kazi isiyo ya kawaida. Aliomba wazazi warudishe makoti yote. Alikata nyuzi za zamani. Mikono aliipima mpaka kwenye kifundo cha mkono, na ule upindo aliuingiza wote ndani akaushona kwa mishono ya kubana, usiweze kufumuka wenyewe. Miguu ya suruali aliitilia kifungo, ili ibane mtoto anapokuwa kwenye baiskeli. Kisha akachukua kitambaa cha njano kinachong'aa, akakata vipande virefu, akashona mkanda mmoja mgongoni, mmoja kifuani, na mmoja kwenye kila mkono.

"Upindo upo," aliwaambia wazazi waliosita. "Sijautupa. Ila utakaa ndani mpaka siku yake ifike. Na huu wa njano ni wa dereva. Yule mtu aliniambia kwa mdomo wake kwamba hakumwona mwanangu. Nataka awaone kutoka mbali."

Lakini baba Chiriku alikuwa hajabadilika. Kila alipotajiwa baiskeli, alitoka chumbani. Na Chiriku alizidi kuwa kimya. Alitembea na mama yake kwenda na kurudi, akiwatazama wenzake.

Jumapili moja Spoki alikuja na baiskeli ndogo nyekundu aliyoitoa kwenye kutu na kuipaka rangi upya. Hakumwambia baba kitu. Aliiegemeza mlangoni tu.

Baba aliitazama. Akamtazama binti yake, ambaye alikuwa haombi, haongei, anatazama tu. Nadhani kimya kile ndicho kilichomshinda. Akaingia ndani, akatoka na bakuli la unga.

"Twendeni uwanjani," alisema.

Uwanjani alimwaga unga kidogo kidogo, akachora mstari mweupe kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kisha akasimama nyuma ya mstari, mikono kifuani.

"Hapa ni barabara kuu," alisema. "Mimi ni lori. Njoo."

Chiriku alikwenda mbali, akapanda. Ncha za viatu ziligusa chini, maana siku hizi viatu vilikuwa vya mguu wake. Akaja. Mama Upindo alifumba macho. Alisikia matairi yakisaga mchanga, kisha kimya. Alipofumbua, gurudumu la mbele lilikuwa limesimama kabla ya unga, na nyayo zote mbili za mtoto zilikuwa chini.

"Tena," alisema baba.

Alisimama tena.

"Tena. Haraka zaidi."

Alisimama tena. Baba alimfanya arudie mpaka jasho likamtoka mtoto na unga ukaanza kupeperuka. Hata mara moja gurudumu halikugusa mstari. Mwishowe baba akageuka upande, akajifanya unga umemwingia machoni.

"Mbona lori linalia?" aliuliza Chiriku.

Lilikuwa neno lake la kwanza la mzaha tangu siku ile, na mama yake alilisikia vizuri kuliko wimbo wowote.

Baada ya hapo wazazi walikutana kwenye kibaraza cha Mama Upindo, na mwashi pia alikuja. Walikubaliana mambo ambayo, ukiyasikia, unashangaa kwa nini hayakufanywa siku nyingi. Watoto wadogo watatembea kwa kundi, wakubwa mbele na nyuma, na mtu mzima mmoja kwa zamu. Pasipo na njia ya miguu, watatembea kando kabisa, wakielekeana na magari yanayokuja ili wayaone. Wa baiskeli watakwenda upande ule magari yanakoelekea, mmoja nyuma ya mwingine, bila kushindana. Mwashi alisema mstari wa unga ni mzuri ila kuku wataula, basi akachora mstari wa chokaa pale pale lundo la mchanga lilipokuwa. Hapo kila mtoto anashuka. Anaisukuma baiskeli mpaka kwenye kivuko chenye mistari, mbele kidogo ya maduka. Anatazama pande zote mbili, anatazama tena, anangoja magari yasimame kweli, ndipo anavuka akitembea.

Siku ya kwanza ya mpango huo, zamu ilikuwa ya Mama Upindo. Alikuja juu ya ile baiskeli kubwa ya kijani, na watoto wakapiga makofi. Alifunga breki kwenye mstari wa chokaa akashuka kwa heshima zote, ingawa sketi yake ilinasa kidogo. Watoto wakamkumbusha kwamba naye aongeze kifungo.

Walipokuwa wamesimama kwenye kivuko, lori lilitokea kwa mbali. Mama Upindo alilijua kabla hajaona uso wa dereva, akanyoosha mkono kuwazuia watoto. Lakini lori lilianza kupunguza mwendo mapema sana, lilipokuwa bado dogo kule juu. Likasimama taratibu mbali na mistari. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Leo nawaona, mama," alisema. "Nimewaona tangu kule kona. Nyie mnang'aa wote."

Watoto walivuka, mikanda ya njano migongoni, kundi zima. Chiriku alikuwa wa mwisho, anasukuma baiskeli yake nyekundu huku akimweleza dereva habari za breki, matairi na kengele mpaka mama yake akamwambia avuke kwanza.

Mchana wa siku hiyo alikuja mteja mgeni na mvulana wake. Alitaka koti la shule.

"Mikono iachie mirefu, fundi," alisema. "Si unajua, mtoto atakua."

Mama Upindo alivuta utepe wa kupimia, akaushika begani kwa mvulana, akaushusha mpaka kwenye kifundo cha mkono. Hapo akaweka alama ya chaki.

"Atakua, mama," alisema. "Lakini kwanza avuke barabara."